Kabla ya chumba, uliza maji: kulala Miyajima

Mara ya kwanza kuvuka kwenda Miyajima ilikuwa 2018, nikiwa mwanafunzi mjini Hiroshima, Japani. Nilikwenda asubuhi nikarudi jioni, kama wafanyavyo wageni wengi. Picha zote nilizowahi kuziona zilikuwa za lango jekundu la hekalu limesimama baharini, maji yamelizunguka kila upande. Siku hiyo maji yalilifika magotini tu. Kulifikia kwa miguu bila kuloa haikuwezekana, na wala halikuonekana kuelea. Nilikaa ukutani zaidi ya saa nzima nikingoja, maji yakapanda shibiri mbili hivi, yakaishia hapo.

Yalikuwa maji mafu, yale ya nusu mwezi yasiyojaa wala kupwa sana. Nimezaliwa Wete, Pemba, nimekua nikisikia bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu kabla sijajua kusoma saa, lakini nilipanda feri kwenda kuangalia bahari bila kuuliza mwezi ni wa ngapi. Jambo hilo liliniuma njia nzima ya kurudi.

Ndiyo maana mama aliponiambia kuwa atakuja kunitembelea baada ya Idi, mwaka 2025, na mimi sasa naishi Osaka, sikuanza na tovuti za hoteli. Nilianza na maji.

Niseme kwanza kisiwa chenyewe ni kipi. Jina lake rasmi ni Itsukushima, ila Wajapani wengi hukiita Miyajima, kisiwa cha hekalu. Kipo katika Ghuba ya Hiroshima, kwenye Bahari ya Ndani ya Seto, na kutoka gati ya Miyajimaguchi feri hukifikia kwa dakika kumi. Hekalu lake la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, husemwa lilianzishwa mwaka 593, na umbo lake la sasa lilitokana na Taira no Kiyomori, mtawala wa kijeshi aliyelijenga upya 1168. Linaheshimu miungu watatu wa kike wanaoaminiwa kulinda wasafiri wa baharini. Limejengwa juu ya maji kwa sababu kisiwa kizima kilihesabiwa kuwa kitakatifu, na watu waliona haifai kuuchimba udongo wake. Hadi leo hakina makaburi, na kwa mila ya zamani mtu hakutakiwa kuzaliwa wala kufia pale: mjamzito aliyekaribia siku zake na mgonjwa mahututi walivushwa ng'ambo. UNESCO ililitia hekalu katika Urithi wa Dunia mwaka 1996.

Lango la baharini, torii, lililopo sasa lilisimamishwa 1875. Lina urefu wa zaidi ya mita 16 na uzito wa takriban tani 60, na nguzo zake kuu mbili ni magogo ya mkafuri. Halikuchimbiwa. Limesimama kwa uzito wake wenyewe, na boriti yake ya juu ni kama sanduku refu lililojazwa mawe ili lizidi kuwa zito. Kuanzia 2019 hadi mwisho wa 2022 lilizungushiwa jukwaa la mafundi kwa matengenezo, na watu wengi walifunga safari wakakuta turubai.

Sasa maji. Bahari ile hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama yetu, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, tena kama yetu. Mtu wa Pemba, Lamu au Tanga hana jipya la kujifunza hapo isipokuwa saa. Kwetu bamvua hujaa kama saa kumi, alasiri na alfajiri. Kule Miyajima bamvua hujaa kati ya saa tatu na saa nne, asubuhi na usiku, na hukupwa kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Kanuni ya wenyeji ni kwamba maji yakishuka chini ya sentimita 100 kwenye jedwali la kujaa na kupwa, unaweza kutembea hadi chini ya lango, na yakipita sentimita 250, lango linaelea vizuri.

Ukiziunganisha saa hizo utaona kwa nini mtu wa kwenda na kurudi mara nyingi hukosa. Siku ya bamvua, asipoyawahi maji ya asubuhi, yakikupwa alasiri anaweza kutembea hadi langoni, lakini yakijaa usiku yeye yumo kwenye treni. Anayelala kisiwani huyaona yote mawili kwa siku moja, na kesho yake kabla ya kuondoka maji humjia tena. Lipo na jambo la majira. Masika ya kule, Machi hadi Mei, ndiyo wakati maji ya mchana hukupwa sana. Ni miezi ambayo Wajapani huenda pwani kuchimbua kombe. Majira ya baridi, kupwa kukubwa hutokea usiku wa manane na mchana maji hubaki juu kiasi. Mtu akikwambia alikwenda Desemba siku ya mwezi mpevu na hakuweza kutembea hadi langoni, mwamini.

Nilimpigia mama simu. "Mama, nataka tulale kisiwani usiku mmoja. Nachagua tarehe."

"Itakuwa mwezi ngapi?"

Alikuwa anauliza mwezi wa Kiislamu, si Aprili. Nikamwambia katikati ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kumi na nne, kumi na tano.

"Bamvua hilo," akasema. "Chukua."

Hapo tena ndipo nilipofungua tovuti za nyumba za wageni.

Ryokan ni nyumba ya wageni ya kijadi: sakafu ya tatami, yaani mikeka minene, godoro la kutandikwa chini usiku na kukunjwa asubuhi, bafu la maji ya moto la pamoja, chakula cha jioni na cha asubuhi vimo ndani ya bei. Hapo kwenye bei ndipo Waswahili wenzangu wengi huteleza. Sisi tumezoea bei ya chumba. Ryokan huandika bei ya kichwa. Ukiona yeni 30,000 na mko wawili, ni 60,000. Kisha kuna aina ya bei bila chakula, ambayo ni rahisi zaidi na inashawishi. Niliichukua safari yangu ya pili, pamoja na marafiki wawili, tukiwa na akili ya kwamba tutakula nje. Wageni wa mchana huanza kuondoka saa kumi na kumi na moja jioni, na barabara ya maduka hufunga mabati pamoja nao. Saa moja usiku tulitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wake tukiwaona paa tu wamelala mlangoni mwa maduka. Chakula chetu kilikuwa vikeki vya momiji tulivyonunua mchana. Miyajima, lipia chakula. Si anasa, ni namna ya kutolala njaa.

Na hivyo vikeki vina hadithi inayohusiana na malazi. Ryokan kongwe na mashuhuri zaidi kisiwani ni Iwaso, iliyoanza 1854 katika bonde la Momijidani, bonde la miti ya momiji ambayo majani yake huwaka nyekundu Novemba. Mwanzoni mwa karne ya 20, mama mwenye nyumba wa Iwaso alitaka kitu cha kitamu cha kuwapa wageni kinacholingana na bonde lao. Mtengeneza vitamu Takatsu Tsunesuke akabuni kikeki chenye umbo la jani la momiji, ndani maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Leo kisiwa kizima kinanukia vikeki hivyo.

Niliitamani Iwaso. Kulala bondeni kuna utulivu wake: mkondo wa maji chini ya dirisha, miti, na asubuhi ukitaka kupanda mlima Misen, wa mita 535, njia ya kwenda kwenye gari la kamba ni hiyo hiyo. Lakini mama ana miaka sitini na minane na magoti yake si ya kuyafanyia mchezo. Nilichokuwa nakitafuta ni nyumba ambayo saa tatu usiku anaweza kutoka kwa ndara, akafika majini, akarudi akiwa na nguvu. Kwa hiyo nikatafuta karibu na hekalu, upande wa pwani, na nikaacha bonde kwa safari nyingine.

Zipo pia nyumba za mlimani juu ya gati, na hizo zina madirisha mazuri kuliko zote, lango na bahari vimewekwa mbele yako kama picha ukutani. Mimi nasema dirisha la kutazamia torii linapendeza, lakini si la kulilipia mara mbili kama miguu yako ni mizima. Unatembea dakika tano unaliona lango lenyewe. Kwa mgonjwa au mzee asiyetoka, hapo ndipo dirisha lina thamani. Ng'ambo, Miyajimaguchi, kuna hoteli za kawaida zenye vitanda na bei nafuu, na Hiroshima mjini zimejaa tele, treni kama nusu saa. Sizidharau. Tulifanya hivyo kwa siku zilizobaki: usiku mmoja kisiwani kwa pesa nzuri, usiku mbili mjini kwa pesa kidogo. Ukisafiri peke yako, ujue kwamba baadhi ya ryokan hazipokei mgeni mmoja au humtoza zaidi, kwa sababu chumba na jiko vimepangwa kwa wawili.

Baada ya kupata nyumba tatu nilizozipenda, niliziandikia zote barua moja. Barua hii naiona ni muhimu kuliko picha zote za tovuti. Niliuliza: kuna lifti au ni ngazi? Kuna chumba chenye kitanda cha chini juu ya tatami, badala ya godoro la sakafuni? Kiti cha kulia chenye miguu kipo? Kuna bafu la familia la kukodi kwa saa, kwa kuwa sisi hatuogi mbele ya watu? Chakula cha jioni kinaweza kuwa saa moja usiku badala ya saa kumi na mbili, ili magharibi isitupite? Na jikoni, je, mnaweza kupika bila nyama kabisa, bila sake, pombe ya mchele, na bila mirin?

Mirin ndiyo inayosahauliwa. Nguruwe kila mtu anamtaja, lakini mirin ni kileo kitamu cha mchele kinachotiwa katika mchuzi, katika samaki wa kuoka, katika karibu kila kitu chenye kung'aa. Mpishi wa Kijapani haihesabu kuwa pombe. Kwake ni kiungo, kama sisi na ndimu. Usipoitaja kwa jina, utaikuta kwenye sahani.

Nyumba ya kwanza ilijibu kwa heshima kwamba jiko lao haliwezi. Niliwashukuru kwa dhati, maana jibu hilo ni bora kuliko ndiyo ya mdomoni. Ya pili haikuwa na lifti. Ya tatu ilijibu kila swali kwa mstari wake, ikauliza na yake: mama anakula samaki mbichi? Ana mzio wa chaza? Angependa mto mrefu au mfupi? Nikajua tumefika. Onyo moja: haya yote yafanywe wiki kadhaa kabla. Jiko la ryokan hununua samaki wake kwa hesabu ya wageni wa siku hiyo, na kuleta masharti ukiwa umesimama mlangoni ni kuwaaibisha watu ambao wangependa kukuhudumia.

Tulivuka mchana. Ukipanda feri ya JR saa za mchana kutoka Miyajimaguchi, nahodha hupita karibu na lango, na tangu Oktoba 2023 kila mgeni hulipa kodi ya kisiwa ya yeni 100. Gari dogo la nyumba lilitungojea gatini. Tulipokelewa mapema, tukaacha mizigo, tukatoa pasipoti zinakiliwe, na saa tisa na nusu tukashuka pwani.

Maji yalikuwa yamekimbia. Mchanga wa kijivu ulikuwa wazi hadi ng'ambo ya lango, na watu wenye ndoo ndogo wameinama wakichimbua kombe. Mama alisimama akawatazama kwa muda kabla hajatazama torii. Kisha akavua viatu. Nguzo, ukiwa chini yake, ni mti. Zina vifundo, zina mapindapinda ya gogo lilivyokua, na chini zimeota chaza wadogo na majani ya bahari kama nguzo za gati yoyote. Mama aliweka kiganja chake pale.

"Hawakulichonga likanyooka," akasema. "Wameliacha lilivyo."

Tukarudi chumbani. Mlangoni unavua viatu, na hilo mama halikumshangaza hata kidogo. Tatami ilimfurahisha zaidi: aliipapasa akasema ni jamvi lililoshonwa vizuri, na ukweli ni majani, yana harufu ya ukindu mbichi. Ukutani kuna kishubaka, tokonoma, chenye picha ya kuning'inia na ua moja. Nilitaka kumwambia asiweke begi pale, lakini alikuwa ameshaelewa. Aliliweka upande wa pili, kama ambavyo kwetu hatuweki vitu ovyo chini ya rafu ya msahafu. Kibla ilikuwa magharibi, ikielekea kaskazini kidogo. Tukaswali alasiri juu ya ile tatami bila kutandika kitu.

Mhudumu wa chumba aliingia na chai. Alipiga magoti mlangoni, akafungua mlango wa kusukuma kwa mikono miwili, akainama.

"Mwambie mwanangu huyu ainuke," mama akasema. "Mbona ananipigia magoti?"

"Ndiyo adabu yao, mama. Akikuhudumia akiwa amesimama atajiona kakosa."

"Basi na mimi sikai juu ya kiti yeye akiwa chini." Akashuka, magoti na yote, akakaa kwenye tatami naye, wakanywa kutazamana. Baadaye alimpa pakiti ya karafuu kutoka Pemba. Bakshishi Japani haitolewi na ukiitoa humtia mtu mashakani, lakini zawadi kutoka kwenu ni kitu kingine: aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaita mwenzake aje anuse.

Bafu la familia tulipewa dakika hamsini. Unaoga kwanza kabisa, umekaa kwenye kigoda, sabuni imeisha mwilini, ndipo unaingia kwenye birika la maji ya moto. Mama alitoka amevaa yukata, joho jepesi la pamba, upande wa kushoto juu ya wa kulia (kinyume chake ni vazi la maiti), na juu yake kanga yake.

Chakula kilikuja kidogo kidogo. Chaza wa kuchoma, wa mwisho wa msimu, na Hiroshima ndiko kunakotoka chaza wengi kuliko mkoa wowote wa Japani. Wali wa mkunga, chakula cha asili cha upande huu, mkunga wa baharini aliyebanikwa na kulazwa juu ya wali. Wetu ulikuwa umepakwa soya na sukari tu, bila mirin, na mpishi alituma ujumbe kuomba radhi kwamba haung'ai inavyotakiwa. Supu ilikuwa ya mwani na samaki mkavu. Mama aliukamata mwani kwa kijiti, akauangalia. Wanawake wa Pemba wanaulima mwani kwa miaka na kuuza nje ukiwa umekauka, lakini kuula si mazoea yetu.

"Kumbe wao wanaupikia supu," akasema, akaimaliza.

Saa tatu na robo usiku tulitoka. Barabara ya maduka ilikuwa kimya, taa za mawe zimewashwa ukingoni mwa pwani, paa wamejikunyata. Pale tulipotembea alasiri palikuwa bahari. Maji yalikuwa yameingia chini ya hekalu, yakipumua chini ya veranda zake. Jengo hufungwa usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo tulilitazama kutoka ukutani. Nilimweleza mama kwamba mbao za sakafu ile zimeachiwa nafasi kati yao, ili bahari ikichafuka maji yapenye juu badala ya kuing'oa sakafu. Hata hivyo kimbunga cha 2004 kiliharibu sehemu kubwa, wakajenga tena.

"Aliyejenga alikuwa anaijua bahari," mama akasema.

Lango lilikuwa limeelea. Taa za umeme ziliangaza wekundu wake, na chini yake kulikuwa na lango jingine likitikisika. Pwani nzima tulikuwa labda watu kumi. Feri za mwisho zilivuka kwenda bara, na wale waliobaki wakawa ni wageni wa nyumba za kisiwani tu, wamevaa yukata na makoti mepesi, wakipishana kimyakimya. Nilimwuliza mama kama magoti yamechoka. Akasema tungoje maji yasimame.

Yalisimama. Ukiishi pwani unaujua ule muda ambao maji hayaji wala hayaendi, na takataka ndogo juu yake hazijui zielekee wapi. Tulikaa. Saa tano kamili taa za lango zilizimwa, na kwa kitambo hatukuona kitu. Kisha macho yakazoea, mwezi wa kumi na tano ukiwa juu yetu, na lango likarudi polepole, jeusi, bila rangi, likiwa na maji ya fedha pande zote. Mama alikuwa amejifunika kanga kichwani. Hakusema neno, na mimi sikumwambia twende.